Jibu: Nianze wapi na ABC Warriors?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuanza na juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wa ABC Warriors, hadithi ya katuni kuhusu maroboti wa vita, bila kusoma kitu kingine kabla. Anza tu. Hammerstein, yule roboti mwenye nyundo mkononi, alishatokea mwaka 1978 kwenye katuni nyingine, Ro-Busters, lakini hutapotea hata kidogo.

Hadithi yenyewe ilianza 1979 katika 2000 AD, jarida la katuni la Uingereza linalotoka kila wiki, na mwandishi ni Pat Mills. Zile herufi tatu ni atomiki, bakteria na kemikali: maroboti hawa waliundwa wapigane mahali ambapo binadamu hawezi kupona. Hammerstein anawakusanya wenzake mmoja mmoja, kisha wanapelekwa sayari ya Mirihi kutuliza vurugu.

Utamu uko hapo kwenye kuwakusanya. Kila anayejiunga anakuja na kidonda chake. Mongrol, pande kubwa la chuma, anamlilia Lara, msichana aliyemuunda upya kutoka kwenye mabaki yake, kisha akauawa. Sijawahi kuzipita kurasa zile haraka. Kwangu mimi zinasema mengi kuhusu vita kuliko milipuko yote inayofuata.

Angalizo moja: wachoraji wanabadilika, Kevin O'Neill hapa, Mike McMahon pale, kwa hiyo sura ya roboti yule yule inaweza kukuchanganya. Tazama silaha na kichwa, utamtambua. Na usiimalize kwa usiku mmoja. Sura ni fupi kwa kuwa zilitoka wiki kwa wiki, soma mbili tatu kwa siku.