Roma kwa miguu, siku mbili za Julai

Mkuu, umeuliza kama Jumamosi na Jumapili zinatosha kuizunguka Roma kwa miguu mwezi wa Julai. Zinatosha, ila usishindane na jua. Toka saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo Fontana di Trevi, ile chemchemi maarufu yenye sanamu, unaiona. Ukifika saa nne utaona migongo ya watu tu. Kutoka hapo hadi Pantheon, hekalu la kale la Warumi, ni kama dakika kumi. Kuba lake la zege lina karibu miaka 1,900, na tundu la katikati liko wazi, mvua ikinyesha inaingia ndani.

Mchana jifiche kivulini, ulale. Jua huzama karibu saa tatu usiku, hivyo jioni vuka mto Tiber, zurura mtaa wa Trastevere, kisha panda kilima cha Gianicolo uutazame mji wote.

Maji usinunue! Jaza chupa kwenye mabomba ya barabarani, wenyewe huyaita nasoni: baridi, salama, bure. Mimi nilinunua siku nzima ya kwanza, mpaka mama mmoja muuza maua akanicheka.

Makumbusho ya Vatikani yaweke Jumamosi, maana Jumapili nyingi hufungwa. Na siku hiyo kaptula iache hotelini, huko magoti lazima yafunikwe.