Tuanze na anayekaa nyuma

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza: "Tufanye nini ili pikipiki izidi kupendwa kanda ya kati huku ajali zikipungua?" Najua wengi wataanza na dereva: asomeshwe, akamatwe, atozwe faini. Mimi naanza na abiria. Pikipiki hupata jina, zuri au baya, kwa wale inaowabeba. Mama akishushwa salama soko la Majengo hapa Dodoma, nguo haijachafuka na moyo haumwendi mbio, kesho atapanda tena na jirani yake atamsimulia. Akishuka anatetemeka, nyumba nzima itaapa kutopanda, na kijana wake aliyekuwa anaweka akiba ya kununua pikipiki atakatazwa.

Mimi ni afisa ugani wilayani Chamwino. Mwaka 2022 Serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani, na hafla yenyewe ikafanyika hapahapa Dodoma, kazi yetu ilibadilika. Vijiji vya huku vimeachana sana. Unatoka Buigiri kwenda Itiso, njiani ni mibuyu, vichaka vya miiba na makundi ya mbuzi. Kwa pikipiki unafika shambani viwavijeshi wakiwa bado wadogo, mkulima anaokoa mtama wake. Kwa hiyo inaniuma ninaposikia watu wakiita chombo hiki jeneza. Kimewapa vijana wengi ugali wa kila siku, kimewahisha wajawazito kwenye zahanati usiku wa manane. Anayekipenda ana wajibu wa kukifanya kiaminike.

Sasa turudi kwa abiria. Dereva angalau sheria inamdai leseni ya daraja A, na akitaka kujifunza vizuri vyuo vya ufundi vya VETA vipo. Abiria hakuna anayemfundisha. Siku ya kwanza anapanda hajui ashike wapi, miguu aiweke wapi, na kwenye kona afanye nini. Akiogopa kona anajivuta upande wa pili, na kwa kufanya hivyo anaivuta pikipiki nje ya mstari wake. Inatosha dereva kumwambia: kaa karibu nami, nishike kiunoni au shika keria, miguu ibaki kwenye vikanyagio hata tukisimama, na nikiinama kidogo kwenye kona, inama pamoja nami.

Kupanda nako kuna upande wake. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo upande wa kushoto wa pikipiki ndio uliopakana na ukingo wa barabara, na wa kulia ndio unaopitiwa na magari. Tena kwenye Boxer na pikipiki nyingi za vijiweni, ekzosi iko kulia. Tazameni vigimbi vya kina dada wengi hapa mjini, upande wa ndani wa mguu wa kulia, mtaona lile kovu la duara. Wameshukia kulia. Kovu hilo lingezuiwa kwa maneno matatu tu: "Dada, shukia kushoto."

Kuna dereva mmoja wa kijiwe cha Nkuhungu ambaye ningependa madereva wote wamtazame anavyompokea mama aliyevaa kanga au dera. Hawashi kwanza. Anasema, "Mama, samahani, tuikusanye nguo." Kwenye keria yake amefunga vipande vya mpira wa tyubu kuukuu. Anamkabidhi mama kipande kimoja, mama mwenyewe anaifunga kanga yake juu kidogo ya goti, dereva ametazama pembeni. Kisha anainama anakagua kama kuna ncha inayoning'inia karibu na cheni au spoki. Ndipo wanaondoka. Kanga ikishikwa na gurudumu la nyuma, mwenye kanga huvutwa chini kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele, na anayekaa upande ndiye aliye hatarini zaidi kwa sababu nguo zote zimemwangukia upande mmoja. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kinga ya chuma pembeni ya gurudumu la nyuma kwa muda mfupi. Na kava la cheni lisivuliwe kwa sababu eti linapiga kelele, likazwe.

Kuhusu kofia ngumu, tuache kuwasema abiria kama watu wasioelewa. Wanaelewa. Wanakataa kwa sababu kofia wanayopewa imevaliwa na watu tangu asubuhi, ndani ina jasho, na mwenye nywele alizosukwa juzi kwa pesa yake anaogopa mba na fangasi. Hofu hiyo ni ya kweli na ina dawa. Kitambaa cha ndani kikivulika, kifuliwe. Jua la Dodoma litakikausha kabla ya chakula cha mchana. Abiria naye atembee na skafu nyepesi ya kuvaa chini ya kofia. Na mfanyakazi anayepanda bodaboda kila asubuhi kutoka Kisasa au Ilazo kwenda mji wa Serikali wa Mtumba, namsihi anunue kofia yake mwenyewe. Anabeba kompyuta mgongoni yenye thamani mara nyingi zaidi ya kofia, halafu kichwa kinachoitumia kompyuta hiyo hakina kitu.

Faida yake inajulikana. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane walikusanya na kupima tafiti kutoka nchi mbalimbali, wakakuta kwamba kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali, kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini hiyo ni kofia iliyofungwa. Kinachookoa ni lile povu gumu la ndani linalobonyea na kumeza kishindo, na mkanda unaohakikisha povu halitoki kichwani kabla ya kishindo kufika. Funga mkanda, kisha isukume kofia kwa nyuma kuelekea juu. Ikitoka, si saizi yako. Na iliyokwisha kupigwa chini kwenye ajali, hata kama ganda linang'aa, isimpe mtu mwingine matumaini.

Hapa ndipo nataka kusema na matajiri, maana yake wenye pikipiki. Vijana wengi mnaowaona barabarani wanaendesha za mkataba au za hesabu. Jioni tajiri anataka hesabu yake, yaani pesa ya siku, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Ikifika saa kumi na moja kijana hajatimiza, ndipo anapobeba mishikaki, abiria wawili au zaidi kwa mpigo, anapochomekea kati ya lori na daladala, anapokubali kila abiria anayemwambia "wahisha, nakuongeza jero." Tunamlaumu yeye peke yake, wakati haraka ile ameipewa na watu wawili: aliyemkodisha na aliyekaa nyuma. Tajiri anayetaka pikipiki yake irudi nzima anunue kofia mbili, siyo moja, aandike kwenye mkataba kwamba tairi likiwa kipara litabadilishwa kwa pesa ya hesabu, na siku ya mvua kubwa apunguze. Abiria aliyechelewa naye atoke nyumbani mapema. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki inakwenda takriban mita 17 kila sekunde. Ile sekunde moja ya kushtuka, kabla mkono haujagusa breki, mita 17 zimeshakwenda, na mtoto anayevuka pale Chang'ombe ya hapa Dodoma hayuko mbali hivyo.

Faini haifundishi breki. Mwaka 2021 faini ya pikipiki ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na mimi niliunga mkono kwa sababu 30,000 ilikuwa inakula kazi ya siku nzima na zaidi. Ila trafiki akishaandika karatasi yake, dereva anaondoka na ujuzi uleule aliokuja nao. Na wengi wamefundishwa na rafiki, jioni moja, uwanjani, kisha kesho yake wana abiria.

Ujuzi unaokosekana kuliko wote ni breki ya mbele. Vijiweni kuna imani kwamba breki ya mbele inapindua, na nimeona pikipiki ambazo waya wake umelegezwa makusudi. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito mwingi husogea mbele, wako na wa abiria wako, tairi la mbele likakandamizwa kwenye lami na kushika zaidi, la nyuma likabaki jepesi. Anayetegemea ya nyuma peke yake ataburuza tairi na kukuta lori bado liko palepale. Kinachopindua ni kuishtua. Ibane kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, pikipiki ikiwa wima, huku ya nyuma ikisaidia. Kwenye mchanga kanuni inabadilika: hapo unapunguza mwendo mapema na hubani mbele kabisa. Na mchanga wetu upo hata mjini, kila njia ya vumbi inapoungana na lami. Zoezi lake linataka kiwanja kitupu, alama ya chaki na saa moja ya subira, kwanza ukiwa peke yako, halafu na mtu nyuma. Ukiwa na mtu nyuma ndipo utashangaa ulivyoipita alama.

Barabara zetu nazo zina tabia zake. Kwenye ile ya Morogoro na ile ya Singida yanapita malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Likikupita, kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta. Legeza mikono, usipambane na usukani, na usiwe umebana ukingoni kabisa ukakosa pa kuyumbia. Kiangazi upepo wa Dodoma hubeba vumbi, na kisulisuli kikivuka lami punguza mwendo, usijaribu kukiwahi. Mvua za kwanza za Desemba huchanganya vumbi na mafuta yaliyokaa miezi mingi, lami inateleza kuliko itakavyoteleza Februari. Makorongo yakijaa, simama. Abiria akikuhimiza uvuke, mwambie, "Mzee, tusubiri, maji haya hayakai." Jioni ng'ombe wanarudi bomani, na wa kwanza akishavuka, wenzake wanamfuata bila kutazama.

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kuna abiria wengi wageni wanaoshuka usiku wakiwa na mabegi. Begi libaki kwenye keria limefungwa kwa mpira, lisiwekwe kwenye tenki likazuia usukani. Reflekta ivaliwe juu ya koti, siyo chini yake. Taa ya nyuma ikaguliwe kabla ya giza, kwa sababu dereva ndiye pekee asiyeiona ikizimika.

Haya yote yafanyikie kijiweni, siyo kwenye ukumbi wa semina ambako kijana anapoteza hesabu ya siku. Kila kijiwe kina mwenyekiti na kina wakongwe wanaosikilizwa. Dereva mpya asibebe abiria mpaka mkongwe apande nyuma yake wazunguke mtaa. Mkongwe ataujua mwili wake unavyosema: kama anajishikilia kwa hofu, kijana bado. Kijiwe kinachofanya hivyo kiandike ubaoni, abiria waone na wachague. Kina mama watakichagua, na wenzao wa kijiwe cha pili watauliza siri ni nini.

Na sisi wenye pikipiki binafsi, tunaokutana Jumamosi kwenda bwawa la Mtera kula samaki au Kolo kutazama michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, tusijitenge na bodaboda. Wengi wetu tuna kofia nzuri, tuna koti, tumepata muda wa kujifunza. Napendekeza safari ijayo ya Kolo ianze saa tatu asubuhi badala ya saa mbili, na ile saa moja tuitumie kijiweni Chang'ombe tukiwa na koni za plastiki, chaki, na kofia safi mbili tatu za abiria watakaokubali kukaa nyuma wakati wa mazoezi.

Msomaji wenu, Chamwino