Dawa ya magoti iliyonipandishia presha

Kwa miezi mitatu nilimshikilia daktari kwamba presha yangu inapanda bila sababu. Dawa nameza kila asubuhi, chumvi nimepunguza, na bado daftari linaonyesha 166/78, 170/80, 168/76. Akaniuliza natumia dawa gani nyingine. Nikamwambia hakuna. Sikukusudia kudanganya, ila kwenye kisanduku cha miwani, chini ya kitambaa cha kufutia, zilikuwemo diklofenaki za magoti, moja asubuhi na moja jioni. Vidonge vya maumivu sikuwahi kuvihesabu kuwa dawa.

Diklofenaki, kama ibuprofeni, hutuliza mchochota, ile hali ya kiungo kuvimba, kupata moto na kuuma. Lakini hapo hapo huzuia kemikali ambazo figo huzitegemea ili zipate damu ya kutosha na kutoa chumvi. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo, na presha hupanda. Tena vidonge hivi hupunguza nguvu ya dawa za presha kama lisinopril na losartan, pamoja na zile za kukojoza. Mzee akivichanganya vidonge hivi na dawa ya kukojoza na mojawapo ya hizo mbili, figo zinaweza kuzidiwa ghafla. Mimi nilikuwa nazimeza zote tatu.

Uko pia mchochota usiouma wala kuvimba. Umri ukisogea, kinga ya mwili hubaki imewaka kidogo muda wote, na mafuta ya tumboni, sigara na fizi mbovu huuchochea moto huo. Kuta za mishipa hushindwa kutengeneza vizuri naitriki oksaidi inayoilegeza, na polepole mishipa hukakamaa. Ndiyo maana kwa wengi wetu wazee namba ya juu hupanda huku ya chini ikitulia au hata kushuka. Tazama namba zangu hapo juu. Presha nayo ikiwa juu huzijeruhi kuta zile zile, mchochota ukaongezeka.

Basi si tuuzime kwa dawa? Nami niliuliza hivyo. Jaribio kubwa liitwalo CANTOS, lililotoa matokeo mwaka 2017, lilitumia sindano ya kuzuia mchochota kwa watu waliowahi kupata shambulio la moyo. Mashambulio yalipungua, lakini presha haikushuka.

Ushauri wangu: ukienda kliniki, beba kila unachomeza, hata mitishamba, hata kile cha “mara moja moja”, ukimwage mezani. Usijiachishe dawa mwenyewe. Mimi daktari alinibadilishia vidonge kwa jeli ya kupaka, ambayo huingia kidogo sana kwenye damu, na akanipa mazoezi ya misuli ya paja. Parasetamoli nayo isikudanganye: gramu 4 kila siku imeonekana kupandisha presha.

Fizi nilizipuuza kuliko vyote. Mswaki ulikuwa ukitoka na damu miaka na miaka, nami nikilaumu mswaki. Nimeshasafishwa meno mara mbili.

Wiki sita baadaye, nikiwa nimekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo, nilisoma 146/76. Daktari bado anaitaka ishuke. Magoti nayo yananiuma nikishuka ngazi. Kupanda sina shida.