Uvimbe Wangu Si Saratani, Kwa Nini Uondolewe?

SWALI: Ndugu Daktari, nina umri wa miaka 54. Niliwashwa mwili kwa wiki kadhaa, kisha macho yakawa ya manjano na mkojo ukakolea. Endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ilionyesha uvimbe pale mfereji wa nyongo unapoingia kwenye utumbo, lakini kinyama kilichokatwa na kupimwa hakikuwa na saratani. Daktari wangu anataka kuuondoa wote kwa kupitia mdomoni, bila kupasua tumbo. Ikiwa si saratani, haraka ya nini? Na je, njia hiyo ni salama?

JIBU: Ndugu msomaji, majibu uliyopewa na maabara ni ya kinyama hicho tu, si ya uvimbe mzima. Uvimbe wa aina hii, ambao mara nyingi ni adenoma (uvimbe unaotokana na seli za tezi), huota kwenye chuchu ya Vater, iliyopewa jina la Mjerumani Abraham Vater aliyeieleza mwaka 1720. Hapo ndipo nyongo na majimaji ya kongosho humiminika ndani ya duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na kwa sababu njia yenyewe ni nyembamba, hata uvimbe mdogo unatosha kuiziba na kuleta manjano. Adenoma si saratani, lakini ikiachwa inaweza kugeuka kuwa saratani, na sehemu iliyokwisha kugeuka inaweza kuwa ndani zaidi, mahali ambapo kinyama cha kupimwa hakikuchukuliwa. Kwa hiyo kuuondoa wote ni tiba, na ni kipimo pia, kwa kuwa mtaalamu wa patholojia atauchunguza uvimbe mzima hadi kwenye kingo zake.

Kabla ya hapo ni lazima ijulikane kama uvimbe umepenya mbali ndani ya mfereji, jambo linaloonekana kwa ultrasaundi inayofanywa kwa endoskopi au kwa MRI. Ukiwa umepenya sana, au ukiwa na dalili za saratani, upasuaji wa Whipple, unaoondoa kichwa cha kongosho pamoja na duodeni, huwa chaguo bora zaidi. Ni upasuaji mkubwa mno, na kwa maoni yangu haufai kuwa hatua ya kwanza kwa uvimbe mdogo unaoweza kutolewa kwa endoskopi.

Siku ya kutibiwa utapewa dawa ya usingizi, kisha daktari atapitisha endoskopi yenye kamera ubavuni, kwa kuwa chuchu hiyo iko kwenye ukuta wa pembeni wa utumbo. Atauzungushia uvimbe kitanzi cha waya, ataukata kwa umeme na kuutoa mara moja usije ukateremka utumboni. Baadaye huweka mrija mdogo wa plastiki kwenye mfereji wa kongosho, ambao hukaa kwa muda mfupi tu, na aghalabu mgonjwa hupewa dawa ya diklofenaki au indometasini kwa njia ya haja kubwa. Vyote viwili hupunguza uwezekano wa kongosho kuvimba, tatizo linalowapata takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi. Kutokwa na damu nako si jambo la nadra, na ndiyo sababu daktari wako anapaswa kujua mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Utumbo kutoboka hutokea mara chache, na vifo ni nadra sana. Ukisharudi nyumbani, maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, choo cheusi, au homa yenye kutetemeka vinakutaka urudi hospitali siku hiyohiyo.

Ninachokusihi zaidi ni usikimbie miadi ya baadaye, maana adenoma hurudi kwa baadhi ya watu hata kama ilikatwa vizuri. Kwa kawaida endoskopi hurudiwa baada ya miezi mitatu, halafu miezi sita, halafu mwaka, na baada ya hapo kila mwaka kwa miaka isiyopungua 5. Mwombe daktari akupime na utumbo mpana pia, hasa kama katika ukoo wenu kuna walioota vinyama vingi (polipu) ndani ya utumbo huo, kwa sababu ugonjwa huo wa kurithi huandamana mara nyingi na adenoma za duodeni.