Nyumba Inanuka, na Kuna Akwariamu Sebuleni

Umeme ulikatika Ijumaa jioni, ukarudi Jumapili saa nane mchana. Sisi wa Bukavu hesabu hiyo tunaijua: kilichokuwa kwenye frigo kimeyeyuka, na kilichoyeyuka kimeanza kuoza. Kwangu ilikuwa beseni zima la sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nilizonunua soko la Nyawera kwa ajili ya wageni. Maji yake yalivuja chini ya frigo, yakatambaa juu ya saruji, yakalowesha mkeka wa sebuleni. Harufu ilikupokea mlangoni kabla mwenyeji hajasema karibu.

Mama mkwe alikuwa njiani anatoka Uvira. Nikamwaga maji ya javeli, ile dawa ya klorini ya kusafishia, sakafuni bila kupima. Nzi walikuwa wanaingia kwa makundi, kwa hiyo nikafunga madirisha, nikawapulizia dawa ya kopo, na juu ya dawa nikapuliza marashi. Akwariamu yetu ya lita 180 iko ukutani, hatua nne kutoka kwenye frigo. Niliifunika kwa kitenge, nikaona hapo nimewahifadhi samaki.

Umeme uliporudi, pampu ya hewa iliyokuwa imezimika ikaanza kunguruma tena.

Samaki wangu ni wa Ziwa Tanganyika, wale wembamba wa rangi ya maziwa ya chai, wenye mikia iliyochanika kama mundu. Jina lao la kitaalamu ni Neolamprologus brichardi. Shemeji ndiye aliyetuletea. Wana tabia moja inayonifanya nikae mbele ya kioo hadi chakula kiungue jikoni: watoto waliokwisha kukua kidogo hawaondoki, hubaki kuwalinda wadogo zao. Jioni ile, kama saa kumi na moja, niliinua kitenge nikakuta mambo mengine kabisa. Wakubwa walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji, mashavu yakipanuka na kufunga haraka haraka. Mmoja alikurupuka, akajigonga kwenye jiwe, akalala ubavu, akakurupuka tena. Vile vitoto vya urefu wa punje ya mchele vilikuwa vimelala kwenye mchanga, vyote.

Mama mkwe aliingia akanikuta nimepiga magoti na ndoo. Hakuuliza habari ya harufu. Alitazama kile kimashine chini ya meza, akaniuliza: “Mwanangu, hiki kinavuta hewa ya wapi?”

Ya humu ndani, mama. Ya humu humu ndani.

Hilo ndilo ninalotaka kila mwenye akwariamu alijue kabla hajashika kopo lolote. Pampu haitengenezi hewa. Inachukua ile iliyo mbele yake, inaisukuma majini kwa viputo vidogo vidogo, saa 24. Kitenge changu kilifunika kioo, lakini mdomo wa pampu ulikuwa wazi, umekaa katikati ya wingu la dawa. Na dawa nyingi za kupulizia nzi, mende na mbu zina viambato vya jamii ya pirethroidi. Mwili wa binadamu huvivunja upesi. Uwezo huo kwa samaki ni mdogo sana, na kiasi kidogo sana kinatosha kuvuruga neva zao. Dawa ya mbu ya kuwasha, ile iliyojizungusha kama konokono, mara nyingi ina viambato vya jamii hiyo hiyo, kwa hiyo moshi wake nao usikae chumba kimoja na tangi.

Nilichofanya usiku ule, na ningekifanya tena: nilichomoa pampu, nikafungua madirisha yote na mlango, nikatoa nusu ya maji na kurudishia maji ya akiba. Kila nyumba hapa ina bidoni za maji ya akiba, na yangu yalikuwa yamekaa siku tatu bila kifuniko, klorini ya bomba imeshapungua. Niliyachanganya na ya moto kidogo yafikie joto la tangi, maana usiku wa Bukavu ni baridi na samaki hawa wamezoea digrii 25 hivi. Pampu nikaipeleka barazani, nikaunganisha mpira mrefu kupitia dirishani, nikaiwasha huko. Kesho yake nikabadilisha maji tena. Kati ya wakubwa kumi na mmoja walipona saba. Vitoto havikupona.

Kama una kaboni amilifu, mkaa maalumu wa kusafishia maji, ya kuweka kwenye chujio, hapo ndipo mahali pake, inanasa sumu za namna hii. Mimi sikuwa nayo. Makala ya mbabula, yaani mkaa wa jiko la kupikia, si badala yake, usiyatie majini.

Sasa harufu yenyewe. Nimejifunza kwanza kuuliza inatoka wapi, kisha ninaondoa kitu chenyewe. Marashi hayaondoi chochote, yanaongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, na samaki wanapata zote mbili.

Ya samaki walioharibika ndiyo ninayoijua zaidi. Zoa kila kitu kilicho kigumu, mimina majivu juu ya majimaji yanyonye, fagia, kisha sugua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande. Baada ya hapo pitisha ndimu au siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache robo saa, suuza. Kuna sababu: kinachonuka kwenye samaki aliyechacha ni trimethilamini, na asidi ikikutana nayo huigeuza chumvi isiyoruka hewani. Mama zetu wanaokamulia sambaza ndimu wanafanya kemia hiyo hiyo. Mkeka wangu nilitaka kuuokoa kwa kupulizia manukato. Siku mbili za jua juu ya ua ndizo zilizouokoa.

Ila siki na javeli visikutane hata mara moja, hata kwenye kitambaa kimoja. Pamoja hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu yako kabla haijafika kwa samaki. Javeli juu ya mkojo wa mtoto au wa paka nayo hutoa gesi mbaya. Ukilazimika kutumia javeli, pima kidogo kwenye ndoo ya maji, fungua dirisha, toa pampu nje, suuza mara mbili, na ndoo hiyo isiguse akwariamu maisha yake yote. Mimi ndoo ya samaki nimeifunga utepe mwekundu. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia ndizo ninazoziogopa zaidi: maji ya Tanganyika ni ya alkali, pH yake inakaribia 9, na kwenye maji ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka ile yenye sumu. Kioo cha akwariamu futa kwa kitambaa na maji matupu, inatosha.

Ndani ya frigo, bakuli la bikarboneti au vipande vikavu vya makala ambayo hayajawashwa. Vibadilishe kila baada ya wiki chache. Na usiwashe mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kisingizio kwamba moshi utaondoa harufu. Gesi yake inayoua, monoksidi ya kaboni, haina harufu hata kidogo. Ndugu zetu wa Goma wanalo neno mazuku kwa gesi nyingine, kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, na hiyo pia pua haikushitulii.

Petroli ya taa ikimwagika, usiikimbilie kwa maji, itasambaa. Mimina majivu au unga wa mbao, zoa, rudia, halafu sabuni. Nawa mikono hadi kwenye kiwiko kabla hujalisha samaki. Ukiona uso wa maji umefanya utando wa rangi rangi, laza karatasi safi juu yake polepole na uivute, inatoka na mafuta. Utando huo unazuia oksijeni kuingia. Ukipaka rangi ya mafuta ukutani: hamisha samaki kwa jirani, basi.

Kuhusu kuzima pampu wakati unasafisha, dakika thelathini hadi saa moja zinavumilika kama tangi halijasongamana. Zaidi ya hapo sipendi. Ziwa Kivu, letu la Bukavu, liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika, la Uvira, liko mita 770 hivi. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Uvira, maji yetu yanashika oksijeni pungufu kuliko ya kule, na samaki hawa hawakuumbwa kwa mlima huu.

Mara nyingine kinachonuka ni akwariamu yenyewe, na hapo watu hukosea sana. Maji mazima yananuka kama udongo baada ya mvua. Yakinuka kuoza, tafuta nyuma ya mawe, kuna aliyekufa, au unawapa chakula kisichoisha ndani ya dakika mbili. Yakinuka mayai viza, ni mchanga wa chini uliokosa hewa. Usiufukue wote kwa siku moja, gesi hiyo ni sumu, chukua robo leo na robo wiki ijayo. Sponji ya chujio suuza ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, kamwe si bombani, kwa sababu klorini inaua bakteria wanaokula amonia kwa niaba yako. Na umeme ukikatika kwa siku mbili kama ule wa kwangu, mwaga maji yaliyolala ndani ya chujio kabla hujaliwasha. Yamechacha humo, na mashine itayatapika yote tangini kwa dakika moja.

Pampu yangu haijarudi chini ya meza. Iko barazani, ndani ya kasha lenye kifuniko dhidi ya mvua, imetundikwa juu zaidi ya uso wa maji ya akwariamu, maana umeme ukizimika maji hurudi nyuma kwa mpira na kuiua. Imebaki shida moja: jirani yangu huchoma taka Jumamosi asubuhi, na upepo wa ziwa unaleta moshi upande wetu. Nilimweleza, nikamwita aje aone. Alikaa mbele ya kioo muda mrefu. Sasa kabla hajawasha kiberiti anamtuma mtoto wake wa kike abishe hodi, nami nachomoa.