Kuacha kutafuta uhadhiri
Dada yangu wa Wete, umeuliza kama ni usaliti kuacha kutafuta uhadhiri baada ya kusailiwa mara tatu bila ya kuajiriwa. Si usaliti, ingawa huzuni yako ni ya haki na haifai kuharakishwa. Mimi nilitoa mhadhara wa mfano mbele ya jopo, chaki ikanikatikia mkononi, kisha nikangoja miezi minne bila ya jibu. Kabla hujaamua, pambanua unachokililia: ni kufundisha, ni utafiti, au ni kuitwa daktari wa falsafa mbele ya wazee? Ikiwa ni utafiti, Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, Unguja, zenye hati za Kiarabu na Kiingereza tangu enzi za masultani, husomwa pia na asiyeajiriwa chuoni, mradi apate kibali.