Mtoto wa miaka 3 analilia simu kutwa

Dada, umeuliza umshughulishe vipi mwanao wa miaka 3 anayelilia simu kutwa, na pesa ya midoli huna. Pole sana, lakini usinunue kitu. Mwite jikoni.

Ukichambua maharage, mpe ungo wake mdogo na konzi moja ya maharage. Mekundu aweke huku, ya njano kule, vijiwe pembeni. Anajifunza rangi na kuhesabu huku akijua anakusaidia tu. Wangu alikuwa akishika punje mojamoja kwa vidole viwili, ulimi nje, kimya kabisa. Vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Ila usimwache peke yake hata dakika moja, maana punje huingia puani au kumkaba kooni, na maharage mabichi yana sumu, asitafune. Kama ana mdogo wake anayetambaa, tumieni viazi na vitunguu.

Siku ya kufua, soksi atafute pacha zake.

Usiku mtegee vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa, usikimbilie kudai mji, asubuhi mpe yai mkononi, aligeuzegeuze mwenyewe.

Simu iweke juu ya kabati, na wewe usiishike mbele yake.